Panga Langu, Mkono wa Oduor

Jumatatu, 12 Januari

Nasugua chuma kwa tupa tena tangu asubuhi. Vidole vimechubuka. Panga linakaribia kuisha. Ni la springi ya lori, refu kama mkono wangu mzima. Nimelifua mwenyewe juu ya kipande cha reli, nikalitumbukiza likiwa jekundu kwenye oili chafu ya injini. Baba alisimama tu akiangalia. Kaka yangu Oduor alizungusha feni ya kupulizia moto na kulalamikia moshi.

Baba ameahidi. Likipita majaribio, nabaki karakana hapa Rongo. Lisipopita, naenda Homa Bay kwa shangazi kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Sina ubaya na omena. Sitaki tu.

Jumanne, 13 Januari

Nimechonga mpini. Naushika, napunguza kidogo, naushika tena. Mwembamba. Sasa unakaa kiganjani kama umeota hapo.

Jumatano, 14 Januari

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Nyapara wa wakata miwa anakuja Ijumaa kutafutia watu wake mapanga. Baba amemwambia kwa simu kwamba lile kubwa ni kazi ya Oduor. Nilikuwa nimesimama pale pale. Eti wanaume hawatashika panga la msichana. Oduor akacheka. Yeye hajui hata chuma kikiiva kina rangi gani. Nikanyamaza, kama kawaida yangu. Najichukia kwa kunyamaza kuliko ninavyowachukia wao.

Alhamisi, 15 Januari

Sikula nao. Nilitaka kulitupa panga mtoni. Nikalinoa.

Ijumaa, 16 Januari

Kwetu panga halitoki uani kabla aliyelifua hajakata nalo mbele ya mnunuzi. Sheria ya babu. Baba haivunji hata akiwa amedanganya. Ikabidi Oduor akate.

Shina la mgomba lilikatika. Mgomba hata mtoto anakata. Kisha miwa, fungu zima lililosimamishwa na kufungwa kamba. Mkono wa Oduor ni mkubwa, na mpini ni wangu. Panga likamzunguka kiganjani, likapiga kwa ubapa. Nyapara akamuuliza kama anakata miwa ama anaisalimia. Akajaribu tena. Ubapa tena. Akasema chuma ni kibovu.

Chuma changu.

Sijui miguu ilinipelekaje. Nilimnyang'anya. Nikakata. Fungu lote likalala chini kwa pigo moja. Kisha kigogo kikavu. Makali hayakupinda, hayakumeguka. Nikanyolea vinyweleo vya mkono wangu mbele yao wote, nikimtazama Baba.

Nyapara aliushika mpini, akautazama mkono wangu.

"Mzee, huu mpini haujawahi kuwa wa kijana wako," akasema. "Nataka mengine. Afue huyu. Mipini tu ndiyo aifanye minene."

Baba akatazama chini. Hakuniambia pole. Ningependa nisijali. Najali, na hilo ndilo linaniudhi zaidi.

Jumamosi, 17 Januari

Nimekuta springi nyingine juu ya reli, imekatwa kipimo cha panga kubwa. Oduor ameshakaa kwenye feni.

Baba akaniuliza moto nautaka mkali kiasi gani. Sijawahi kumsikia akimuuliza mtu hivyo.

Nikamwambia. Akaongeza makaa.

Sijamsamehe. Nikachukua nyundo.