Daftari Alilosema Atalisoma Peke Yake

Nachingwea, Jumapili

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Je, kikohozi kimekuacha? Ufuta mmeshamaliza kuukung'uta? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hauna raha. Tafadhali barua hii isome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Nilikwambia habari za mwalimu wetu wa Kiingereza, yule mgeni aliyetoka bara. Hafundishi wote kwa kipimo kimoja. Mwenzangu ambaye baba yake anafanya kazi relini alimfundisha kwa habari za treni, hadi akaacha kugugumiza. Mimi nisiyeweza kusimama mbele ya watu alinipa daftari, akasema, "Mdomo wako mzito, mkono wako mwepesi. Andika humu lolote. Nitasoma mimi tu."

Kila Ijumaa alilirudisha na neno moja la wino mwekundu: "Halafu?" Mjomba, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikaandika habari za nyuki, za mama, za msiba wa babu, hadi zikaisha. Ndipo nikaandika ya jandoni, na ule wimbo. Nilikosa, sikatai. Lakini chini yake niliandika kwamba haya hayasikiwi na wanawake wala watoto ambao hawajaingia.

Juzi wazazi na wakaguzi walialikwa shuleni. Mwalimu akasimama na daftari langu. Aliposoma kwa Kiingereza nilijifariji kwamba yatapita juu ya vichwa. Akamaliza, akatabasamu. "Sasa kwa Kiswahili, wazazi nao wafurahi." Akatafsiri yote, na wimbo pia. Akina mama wakajifunika kanga. Yule fundi cherehani wetu wa huko nyumbani Nambilanje, aliyekuja kumwona mwanawe, akatema mate akatoka. Wakaguzi wakapiga makofi.

Nikamfuata ofisini. "Mwalimu, ulisema wewe tu."

"Lakini nimekusifu, bwana! Hukuona walivyofurahi?"

"Niliandika yasisikiwe."

"Hilo sikuliona."

Nikamfungulia ukurasa. Kando ya sentensi ile palikuwa na alama ya vyema, kwa wino wake. Akaitazama, akasema Kiingereza changu pale kilikuwa safi sana.

Bwenini wananiita, "Ngariba wa Kizungu, tuimbie!" Wamwera wenzangu hawali nami sahani moja.

Mjomba, fundi atakuwa amekwisha fika huko. Wewe ndiye uliyenipeleka jandoni, aibu itakuangukia wewe. Waambie wazee nimekiri mwenyewe, na shule ikifungwa nitakuja kusimama mbele yao. Wakisema nisirudi shuleni, nitatii. Nakuomba tu usiseme kwamba mimi si mpwa wako.

Nisalimie bibi aliyenilea, na mama, ila yeye usimweleze kitu. Nisalimie mdogo wangu. Najua mwaka huu ni zamu yake kuingia jandoni. Wazee wakitaka kumzuia kwa ajili yangu, wasihi wasimzuie. Yeye hajui kusoma wala kuandika, hataitoa siri daftarini kama mimi.

Ni mimi mpwa wako, ninayengoja neno lako,

Hamisi