Mama Okbun na Wimbo wa Ungo

Ni mwaka sasa, Mama, tangu tulipokushusha kwenye udongo wa Haenam, juu ya shamba lako la vitunguu saumu.

Ulikuwa mkarimu. Wazazi wakiwa pwani wakianika mwani, watoto wao walishinda kwako. Uliwapa viazi vitamu vya moto, ukawatungia nyimbo: za kunawa mikono, za kuinamia wakubwa, za kutobakiza wali bakulini. Kijiji kizima kilipata adabu kutoka kinywani mwako.

Kaka yetu Gil-su alikuwa kikojozi, naye ukamtungia wake:

*Ungo kichwani, waenda wapi?*
*Kuomba chumvi kwa jirani.*
*Usiku mto umepita wapi?*
*Umepita godoroni.*

Kila alipokojoa ulimvika ungo, kama desturi ya kwetu kwa vikojozi, ukamtuma kwa majirani kuomba chumvi, hata theluji ikianguka. Watoto walimfuata wakiimba. Jirani alimpiga mwiko shavuni kwanza, ndipo akampa chumvi. Mwishowe akaacha kukojoa. "Mnaona?" ulituambia. "Wimbo umemfunza." Hukusema lolote kuhusu kigugumizi kilichomwanza mwaka ule.

Katika sikukuu yako ya mwisho ya mavuno, Gil-su alikuja kutoka Busan na binti yake, So-ram. Asubuhi godoro la mtoto lilikuwa limelowa. Ukaleta ungo huku unacheka, ukaanza kuimba. So-ram naye akacheka, akapiga makofi.

"Mama, weka chini huo ungo," Gil-su akasema.

"Mchezo tu, mwanangu. Kwani wewe hukupona?"

"Si-sikupona, Mama. Nilikuwa silali. Nilikuwa nakaa macho mpaka kunakucha."

Ukamtazama. "Lakini godoro lilikuwa kavu."

Alimbeba binti yake wakaondoka, keki za mchele bado zinatoa mvuke mezani. Tulikusihi umpigie simu. Ulisema mtoto ndiye humtafuta mzazi. Baridi ilipoingia, ukafariki. Gil-su alikuja, akainama kaburini kama desturi inavyotaka, akarudi Busan na basi la jioni.

Unakumbukwa na binti zako Suk-ja na Mal-lye, wakwe zako, wajukuu, na watoto wa Haenam ambao bado wanaimba wakinawa mikono. Gil-su tulimpigia tukamwomba neno la kuweka hapa.

"Andikeni So-ram analala vizuri," akasema. "Akikojoa, tunabadilisha shuka."

Hatutakusahau, Mama. Gil-su amejaribu, ameshindwa.