Kwa Nini Ananila Mimi Kwanza

Jumatatu, 6 Mei

Nimeliwa tena! Raundi ya kwanza, kabla hata sijafungua mdomo.

Mchezo huu ameuleta Mdarizi, yule binti mgeni aliyeanza kazi hapa karakana ya ushonaji mwezi uliopita. Kabla yake tulikuwa tunakula mchana kimya kimya, kila mtu na bakuli lake, na maisha yalikwenda. Sasa ikifika saa saba meza ya kukatia inaondolewa vitambaa, na kila mtu anachomoa kifungo kwenye kopo langu la vifungo. Cheupe, wewe ni mbuzi. Cheusi — kimoja tu — wewe ni fisi. Fundi Mkuu anaamuru tufumbe macho, fisi anafumbua yake na kumnyooshea kidole anayetaka kumla. Halafu sote tunafumbua, Fundi Mkuu anamtaja aliyeliwa, na mabishano yanaanza. Fisi nani? Unayemshuku unamchora mstari wa chaki begani. Mwenye mistari mingi anatoka.

Na mchumba wangu, Mkataji wetu, kila akipata cheusi ananila mimi. Mimi! Kati ya watu wote. Kikulacho ki nguoni mwako, Fundi Mkuu akanitania, na karakana nzima ikacheka.

Aliyeliwa haruhusiwi kusema. Nikakaa juu ya marobota ya kitambaa, nikawa natazama. Mdarizi alimshuku Mkataji. Sisi wengine tunachora mstari. Yeye kachora jani! Jani zima na kikonyo chake, polepole, begani mwa mchumba wangu. Na yule bwana kasimama wima kama anapimwa suti.

Jumanne, 7 Mei

Leo nilibaki hai mpaka mwisho. Hoja za watu wazima hawa — Mungu wangu!

Mpiga Pasi aliapa kwa mama yake mzazi kwamba yeye ni mbuzi. Mama wa watu yuko nyumbani kwake, hajui kwamba anawekwa rehani kila mchana. Mdogo wa wale dada wawili wa mashine za kushonea hakusema kitu, akaambiwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Dada yake akamtetea, akaambiwa mbona anatetea sana. Nikauliza ushahidi uko wapi. Mpiga Pasi akanijibu: lisemwalo lipo. Na nani kalisema? Yeye mwenyewe, dakika moja kabla! (Fisi alikuwa yeye. Maskini mama yake.)

Mdarizi naye: "Jamani, ningekuwa fisi ningejitokeza wazi hivi?" Hoja ya kitoto. Mkataji akaitikia kwa kichwa! Akasema ni kweli, fisi hawezi kuwa mjinga kiasi hicho. Wiki iliyopita mimi nilisema maneno hayo hayo, akanichora chaki bila kupepesa macho.

Nimehesabu. Tangu mchezo uanze hajamchora Mdarizi hata mara moja. Dalili ya mvua ni mawingu.

Sijali.

Najali.

Alhamisi, 9 Mei

Nimemuuliza Mkataji, tukiwa tunarudi nyumbani, kama mzaha tu. Kwa nini unanila mimi kwanza? Akacheka. "Ukiwepo mezani siwezi kudanganya. Wewe unanijua. Ukinitazama tu, nimekwisha."

Nilitabasamu mpaka tulipofika kwenye kona. Pale kwenye kona nikafikiri. Kumbe kudanganya anajua — ila nisipokuwepo! Na mimi kutwa nakaa wapi? Chumba cha nyuma, nashona vifungo vyangu. Wao wawili wako mbele, meza kwa meza, mwanga wote wao.

Akaniuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia nafikiria makoti ya kesho.

Mama ameshafua mapazia. Jumapili mjomba na shangazi wa mchumba wangu wanakuja kupanga siku ya harusi. Miaka mitatu tumeisubiri siku hii. Ningepaswa kuwa nacheka peke yangu jikoni. Badala yake roho inaniuma kama kidole kilichovunjikiwa na ncha ya sindano.

Ijumaa, 10 Mei

Sijui niandikeje.

Kopo lilipita. Tukafumba macho, tukafumbua. Aliyeliwa ni Mpiga Pasi. Mimi mzima!

Nikasimama. Sikukusudia kusimama. Nikasema fisi ni Mkataji. Wakauliza nimejuaje. Nikasema siku zote ananila mimi, leo hajanila, maana yake anajificha.

Fundi Mkuu akashusha kijiko. "Mwanangu, akikula ni yeye, asipokula ni yeye. Sasa akuridhishe vipi?"

Wale dada wa mashine wakacheka. Mdarizi hakucheka. Akasema, "Dada, mimi naona si yeye." Kwa sauti ya chini, kwa huruma. Huruma yake! Nani kaiomba?

"Wewe unamtetea kama nani?" nikamuuliza. "Umejuaje kilichomo mkononi mwake?"

Hapa kwetu mtu akiishiwa hoja husema: tukikosea, kesho nitoeni mimi. Inasemwa kila siku, haina uzito. Mimi nikaona haitoshi. Nikasema kama si yeye fisi, basi Jumapili wazee wake wasije.

Hakuna aliyeendelea kutafuna. Mkataji akafungua kiganja.

Cheupe.

Fisi alikuwa yule dada mdogo wa mashine. Alikitoa kifungo chake taratibu kama anayeomba radhi, lakini hakuna aliyekitazama. Mkataji akachukua mkasi, akarudi kukata. Hakunisemesha mchana wote. Jioni nilipotoka mbele, meza yake ilikuwa tupu. Ya Mdarizi pia ilikuwa tupu, lakini yeye Ijumaa huwahi kutoka. Huwahi kila Ijumaa. Najua.

Jumamosi, 11 Mei

Hajaja, hajapiga. Mtu asiye na kosa si angekuja kujitetea?

Mama anauliza kama vikombe vitatosha. Nimemwambia vitatosha.

Jumapili, 12 Mei

Amekuja! Saa nne asubuhi, peke yake. Mama hajui lolote, anadhani ametangulia wenzake. Amemkaribisha sebuleni, kisha akarudi jikoni kwenye maandazi yake.

Tulipobaki wawili akasema: "Wazee wameshavaa. Wanangoja niwapigie. Lile neno la Ijumaa lilikuwa la mchezo, au lilikuwa lako? Ukisema la mchezo, wanakuja."

Basi. Hakunigombeza. Macho mekundu kidogo, hakulala.

La mchezo. Maneno mawili! Yalikuwa ulimini kabisa. Nikafungua mdomo nikasema: "Kama huna kitu na yule Mdarizi, mbona umekuja mbio hivi?"

Jana nilikuwa nauliza mbona haji! Nilijisikia mwenyewe nikilisema. Nikajisikia, na sikulirudisha.

Akainamisha kichwa. Akasema, "Nitangoja." Nikasema naenda kujifunga leso. Sasa niko kitandani naandika, leso iko magotini, na mjomba na shangazi wa watu wamekaa huko kwao na viatu miguuni.

Nitatoka. Nitasema. Nampenda mpaka naumwa, hilo ndilo ningeanza nalo, halafu yale maneno mawili. Mama amegonga mlango mara ya pili, anasema si adabu kumweka mtu hivi.

Namsikia Mkataji akimwambia asinihimize, aniache nijiandae taratibu, yeye hana haraka. Sauti ya upole kabisa. Haina hasira hata chembe, baada ya yote niliyomfanyia.

Mpole hivi — anaficha nini?