Lugha ya Nyuma ya Mabati

Jumatatu, 5 Juni 1995
Banda la video tena. Moshi wa sigara, vijiti vya miraa sakafuni, filamu ya Kihindi. Wanafunzi wamo, saa za masomo. Mhariri wangu Nairobi anataka niandike kutoka huku kaskazini kwamba video zinawaharibu. Pengine.
Nje, upande wa kivuli, jirani yangu Halima anauza maziwa ya ngamia na bintiye Fardosa, miaka kumi na mitatu. Wanawake hawaingii. Fardosa huegemea ukuta wa mabati, midomo ikifuata maneno yanayotoka ndani. Hajaona picha hata moja. Halima ameniomba nisimwambie mumewe. Abdi anaamini wanauzia sokoni. Si kazi yangu kusema.

Jumatano, 7 Juni
Mifereji mikavu. Hata hivyo mbu hawapungui tangu mvua. Fardosa ana homa.

Alhamisi, 8 Juni
Homa imepanda. Anaweweseka kwa lugha ambayo hakuna anayeijua hapa uani. Abdi, mchuuzi wa ng'ombe, mtu mtulivu, amekata shauri kwamba ni jini. Sheikh alikuja, akamsomea, akasema hospitali pia apelekwe. Abdi hataki. Wengi huku wanaamini mwenye jini akidungwa sindano hufa. Dada yake Abdi alikufa hivyo kule Buna.
Nilimwambia ni malaria.
"Walaal, ndugu yangu, malaria nafundisha mtu lugha?"
Nilimtazama Halima. Aliinama. Anamwogopa mumewe kuliko homa. Nimekasirika. Asiposema kesho asubuhi, nitasema mimi.

Ijumaa, 9 Juni
Amesema. Sikuwahi kufungua mdomo.
Fardosa alianza maneno yake, sauti imekwisha, akakwama katikati. Halima alikuwa akimkanda paji la uso kwa kitambaa cha maji. Akammalizia sentensi. Lugha ileile.
Abdi alirudi nyuma hadi mlangoni. Walisema kwa Kisomali. Changu kinatosha kwa hayo.
"Na wewe pia jini limekuingia?"
"Halijaniingia. Ni video, Baba Fardosa. Tunauzia maziwa kwenye ukuta wa banda tangu mwaka jana."
"Mtoto anasema nini?"
"Anamwambia mama mkwe kwamba hatoki katika nyumba hiyo."
"Mama mkwe wa nani?"
Siku nyingine ningecheka. Abdi alimbeba bintiye mwenyewe hadi kwenye pikapu ya jirani. Hospitali wakapima damu: malaria, kali. Daktari hakupenda jinsi mtoto alivyocheleweshwa, akasema wazi. Sindano ilipoingia Abdi aligeukia ukuta, akasoma dua. Alipogeuka, mtoto alikuwa anapumua.

Jumanne, 13 Juni
Fardosa ameruhusiwa kurudi nyumbani. Anakunywa uji. Abdi hasemi na Halima, hata salamu. Maziwa sasa yanauzwa sokoni, na mengine yanarudi nyumbani yamechacha.
Nimetuma habari. Nusu ya kwanza, watoro wa shule. Nusu ya pili, msichana aliyejifunza lugha ya watu kwa sikio, bila kumtaja jina. Mhariri kanipigia simu: nusu ya pili inaharibu ya kwanza. Ameikata.

Alhamisi, 15 Juni
Vumbi. Kikao cha bei ya mifugo, maneno mengi. Uani bado kimya.

Jumamosi, 24 Juni
Halima na Fardosa wamerudi kwenye mabati. Abdi mwenyewe aliwabebea madumu. Mwenye banda alimfungulia Fardosa mapema, kabla wanaume hawajafika, akamwekea filamu ileile ya mama mkwe. Abdi alikaa kizingitini, ameipa picha mgongo. Halima alibaki nje na maziwa yake.
Msichana alitazama kidogo, akatoka. Nilimuuliza kulikoni.
"Mama mkwe mwembamba," alisema. "Huyo si yeye."
Akaenda kivulini, akaegemea mabati, akafumba macho. Filamu iliendelea ndani, bila mtazamaji. Abdi hakuondoka kizingitini. Ilipofika ile sehemu ya kukataa kutoka katika nyumba, bila kugeuka, akamuuliza mkewe mama mkwe amejibu nini.
Halima akamwambia.