Sweta la Kagaruki

Bukoba, Februari 1979

Dada Verdiana,

Upepo umeangusha migomba ya mama, lakini yeye ni mzima. Bado anamwekea kaka Kagaruki ndizi kila jioni, ingawa tangu vita hajarudi kutoka Kyaka.

Unakumbuka ule mchezo wa televisheni tuliotazama Kampala, wa daktari wa nyota ya mbali? Alitibu kila kiumbe kwanza, ndipo akamuuliza ni nani. Uliupenda sana.

Jana wodini kwetu waliletwa mateka, askari wa adui. Mmoja aliomba maji, nikampa. Nilipofungua koti lake nisafishe jeraha, ndani alikuwa amevaa lile sweta ulilomfumia kaka, lenye kiwiko cha bluu.

Akaomba maji tena. Nilisimama na kikombe, Dada, nikakawia. Kisha nikamnywesha.

Mama hajui.

Mdogo wako,
Penina