Fulana ya Mabega Yasiyolingana

Jumatatu, 3 Machi
Nimeipata! Siku zote naambiwa fulana ni fulana, utabuni nini hapo? Shingo, mikono miwili, kwisha. Leo nimevaa ya kwanza iliyonikaa. Siri yake ndogo tu: bega la kushoto nimelishusha kidogo. Nani ana mabega sawa? Mimi sina. Kaka hana – kabeba majora bega lile lile tangu afungue karakana hii. Hata mkewe hana, ila yeye umwambie uone!
Kaka kaipapasa, kasema haya, inakwenda maonyesho ya Jumamosi, na jina langu litashonwa ndani ya shingo. Langu! Siku zote ni la wifi. Nimeenda stoo nikalia kwa furaha.

Jumatano, 5 Machi
Wifi anataka maandishi kifuani. Nimekataa. Kasonya. Kaka kajitia hamnazo.

Ijumaa, 7 Machi
Fulana za maonyesho zimetoka mabega sawa. Zote!
Mkataji wetu – tunamwita Kamanda, habishiwi – kakunja kitambaa mara mbili, kalaza nusu ya karatasi yangu ya kukatia, kapitisha mkasi. Ndivyo fulana zinavyokatwa: unakata nusu, ukikunjua unapata nzima, kushoto na kulia mapacha. Nilimwambia asikunje! Mbele ya kaka! Eti mkono ulikwenda wenyewe. Kisha eti alidhani nimekosea kuchora, akanisitiri. Kunisitiri! Mazoea yana taabu, lakini taabu naibeba mimi.
Kitambaa kimekwisha. Nikasema basi, tusiende. Kaka akaniuliza, mdogo wangu, nani atajua? Limenikata maini neno hilo.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika chooni, huku huku kwenye maonyesho.
Zimependwa! Mama mmoja mwenye maduka kavaa moja juu ya gauni lake, anageuka mbele ya kioo. Anasema hajapata kuona fulana kama hii, ya kawaida lakini si ya kawaida. Jamani! Ni ya kawaida! Ni ile ile ya sokoni, ina jina langu tu shingoni. Watu wakapiga makofi. Kaka machozi yanamlenga, anamshika kila apitaye: huyu mdogo wangu, huyu. Hajapata kunitaja hivyo maishani. Nami nikatabasamu. Ndiyo, nilitabasamu, najichukia.
Kisha yule mama akanigusa bega. Nimevaa ile ya kwanza, ya kweli, iko hiyo moja tu. Akaninong'oneza kwa huruma: mwanangu, hii yako fundi kaikosea. Kaka akacheka naye.
Nikakimbilia huku.
Wifi anagonga. Wapiga picha wananisubiri mimi. Kanirushia moja ya zile kupitia juu ya mlango, anasema vaa hii, hiyo yako itatutia aibu. Nikitoka na yangu wataniuliza, na nikiulizwa nitasema, na jina langu litatoka shingoni. Nikivaa yao ninalo.
Anagonga tena, ananiita: wifi, bado?
Nimeshavua mkono mmoja.