Miguu, Betri au Petroli

Jumanne, 12 Juni 1984

Sketi saba za shule. Nne nimezimaliza kabla ya uji. Cherehani inakwenda vizuri, pedali nimeitia mafuta jana.

Baba Monga, mume wangu, amekaa kibarazani tangu saa kumi na mbili. Amevaa kama mtu wa kazi, na kazi hana. Alipewa pensheni mwezi wa pili, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusuka upya mota zilizoungua za kampuni ya shaba. King'ora cha kampuni kikilia anaamka, ananawa, anavaa, anakaa.

Hapa naweza kusema wazi, hakuna anayesoma. Naogopa. Hapa Ruashi nimekwenda matanga ya wanaume watatu waliopewa pensheni, na hakuna aliyefikisha mwaka wa pili. Hawakuumwa. Walikaa tu.

Jioni ameingia Kasongo, mdogo wangu, kutoka kijijini kwetu Lukafu. Ameleta viazi vitamu na kichupa cha sindano. Ndani ya kichupa punje tano au sita za dhahabu, ndogo kama chumvi. Ameziokota kwenye korongo nyuma ya shamba la mama. Chifu amemruhusu kuchimba mpaka mvua ya kwanza. Ila kiangazi hiki korongo ni kavu, na mto uko mbali, hakuna maji ya kuosha mchanga. Akauliza kama upepo unaweza kufanya kazi ya maji.

Baba Monga akasimama. Akaniomba penseli. Nilikuwa nayo sikioni, nikampa upesi kabla hajakaa tena.

Alhamisi, 14 Juni

Uwanja umejaa maranda ya mbao. Mume wangu ameamka kabla ya king'ora.

Amenichorea, nimeelewa. Sanduku lililoinama. Juu chujio, mchanga unamwagwa hapo. Chini yake kitambaa, na juu ya kitambaa vipande vya mbao vimelala kama ngazi. Upepo unatoka chini ya kitambaa. Mchanga mwepesi unaruka na kuteremka, dhahabu nzito inabaki nyuma ya vipande. Maji hata kikombe kimoja hayatakiwi.

Kilichobaki ni kuchagua nguvu ya kuleta upepo. Ameandika maneno matatu ukutani kwa penseli yangu: betri, petroli, mkono. Papo hapo akafuta mkono. Mtu aliyesuka mota za tanuru hawezi kusukuma upepo kwa mkono, heshima yake itakwenda wapi. Nimecheka. Hakucheka, lakini amekula sahani mbili za bukari.

Jumamosi, 16 Juni

Asubuhi Salongo, kazi ya lazima ya mtaa, tumefagia mtaro wote mpaka kwenye soko. Baba Monga amefagia akiongea na kila mtu habari za feni. Katibu wa seli ya chama amemwambia afagie.

Mchana ametoa mota ndogo chini ya kitanda. Sikujua kama iko pale. Miaka mingapi nafagia chini ya kitanda hicho? Ameifunga feni. Betri ameazima kwa jirani mwenye gari bovu.

Jumatano, 20 Juni

Jaribio uwanjani. Dhahabu hatuna ya kuchezea, akakata risasi ya kuzamisha nyavu vipande kumi na viwili, vidogo sana, kwa sababu risasi pia ni nzito. Akavichanganya na ndoo ya mchanga. Mimi mmwagaji.

Feni ilivuma vizuri. Vumbi likaingia kwenye nguo za wateja, nimefua upya sketi tatu. Tukatafuta risasi kitambaani: vipande vinne. Vinane vimekwenda na mchanga. Ndoo ya tano betri ikachoka. Mashine ya kuichaji iko hapa mjini, Lukafu hakuna umeme hata wa taa moja. Kila siku mbili mtu abebe betri kichwani mpaka Lubumbashi?

Amefuta betri ukutani. Kosa ni la betri, anasema, imekosa nguvu. Feni haina kosa. Mimi sina mashaka na mtu anayejua mota. Nina mashaka na vile vipande vinane vilivyopotea wakati betri ilikuwa bado nzima.

Jumapili, 24 Juni

Misa ya pili. Padri amehubiri kirefu. Mume wangu alikuwa anachora kwenye kiganja.

Rafiki yake wa zamani wa karakana amemwazima injini ya petroli iliyokuwa ya pampu ya bustani. Inalia hadi mtoto wa jirani ameanza kulia pia. Petroli kwenye kituo hakuna tangu Alhamisi. Amepata chupa nne, sijauliza wapi.

Anapiga mluzi akifanya kazi. Mluzi huo nilikuwa nimeusahau. Nimefurahi siku nzima, basi.

Jumamosi, 30 Juni

Lukafu. Tumefika jana juu ya lori la mahindi, mimi, yeye, sanduku na injini. Mgongo hauna habari njema.

Asubuhi korongoni. Watu wamekuja kutazama, nusu ya kijiji. Mama yangu pia amekuja, amekaa nyuma ya kichuguu akitupa mgongo. Yeye na Baba Monga hawaonani uso kwa uso wala kusemezana, ndiyo desturi yetu ya mkwe na mama mkwe. Tangu nimeolewa sijawahi kuwaona kwenye mkeka mmoja. Akipita yeye, huyu anaingia nyumba ya jirani.

Injini ikawaka. Vumbi likatufunika sote, chifu akaondoka na kikohozi. Kasongo alimwaga mchanga mpaka mikono ikamuuma. Tulipofungua sanduku hakuna kitu. Tukarudia, feni kwa mwendo mdogo. Hakuna kitu. Mara ya tatu vumbi likaingia ndani ya injini, ikakohoa, ikazima. Na petroli ilikuwa karibu imekwisha.

Kasongo hana ubaya, ila mdomo wake haujui kungoja. Akasema mbele ya watu:

"Shemeki, hii mashine inafukuza byote. Haichague."

Watu wakacheka. Baba Monga akafunga sanduku kwa kamba, taratibu, fundo baada ya fundo.

Jumapili, 1 Julai

Hajala. Amekaa mbele ya nyumba ya Kasongo tangu asubuhi, mikono juu ya magoti. Ndiyo ukaaji ule ule wa kibarazani.

Nimemkasirikia Kasongo. Nimeikasirikia dhahabu. Najikasirikia mimi niliyetoa penseli haraka vile. Kama asingesimama, leo asingekuwa na pa kuanguka.

Lori la kurudi ni kesho mchana.

Jumatatu, 2 Julai

Nimeandika haya juu ya lori, herufi zitanisamehe.

Asubuhi nilikwenda kumuaga mama. Alikuwa anapepeta mtama, kanipa mgongo nusu, kwa sababu Baba Monga alikuwa amekaa upande wa pili wa ua, hatua ishirini. Alisikia kila kitu. Mama alijua kwamba anasikia. Akaongeza sauti, akaongea na mimi:

"Ambia bwana yako mupepo isivume tu bila kuacha. Siye tunarusha, tunaacha. Tunarusha, tunaacha. Kama hauache, ile ya buzito itashuka saa gani?"

Akarusha ungo. Makapi yakatoka, mtama ukarudi. Mara mbili, mara tatu. Nilimtazama mume wangu kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameinua kichwa.

Basi nikafanya kazi yangu ya mjumbe. Nikatembea hatua ishirini, nikamwambia maneno aliyokwisha kuyasikia. Akanijibu mimi, kwa sauti ya kufika ng'ambo:

"Miye myaka trente nilikuwa nachunga moteur isisimame. Moteur yenye kusimama ni moteur ya kufa."

Mama akaambia ungo wake kwamba hajauliza habari za moteur.

Kumbe kosa ndilo hilo. Kwenye kampuni, kitu kikisimama dakika moja ni makelele, mabwana wanashuka ngazi mbio. Kichwa chake kimefunzwa kwamba kizuri ni kile kisichokatika. Akaleta feni isiyokatika, na dhahabu haikupata nafasi ya kutua.

Tulipofika barabara ya Kasenga, ameniambia polepole: "Inapashwa ipumue." Basi ameelewa. Sasa atachagua nguvu gani ya kupumua? Ananiuliza mimi. Nimeshajua jibu na silitaki.

Jumatano, 4 Julai

Jibu ni pedali yangu.

Mguu ukienda, gurudumu linazunguka, mvukuto kama wa mhunzi unafunguka. Mguu ukirudi, mvukuto unafunga. Pumzi moja, kituo kimoja. Haitaki betri wala petroli. Niliona tangu Jumatatu. Yeye ameona leo asubuhi nikishona, akasimama mlangoni akitazama miguu yangu muda mrefu kuliko alivyoitazama siku ya kunichumbia. Hakuthubutu kuomba.

Cherehani hii ilininunulia mabati ya nyumba. Nimesomesha watoto watano nayo. Miguu yangu inajua kushona bila mimi. Hapana.

Alhamisi, 5 Julai

Hapana.

Ijumaa, 6 Julai

Nimelala vibaya. Asubuhi amekaa kibarazani, na king'ora kilikuwa bado hakijalia.

Nimemwita ndani. Nimemwambia: mota yako ya chini ya kitanda, hapa mjini umeme upo, isuke upya kwa umeme huo, uifunge kwenye kichwa cha cherehani yangu. Pedali na gurudumu, chukua. Huko hakuna umeme, hapa upo, kila kitu kiende mahali pake.

Akanitazama. Akasema, "Mama Monga, utaweza kushona na moteur?" Nikamwambia kama yeye ameweza kujifunza kuacha, mimi nitaweza kujifunza kwenda mbio. Halafu nikaingia jikoni nikalia kidogo, kwa sababu ya pedali. Nasema kweli, ilikuwa pedali tu.

Jumanne, 10 Julai

Mvukuto nimeushona mimi, turubai mara mbili, mshono wa kukunja. Ndio ushonaji wa mwisho wa miguu yangu kwenye pedali ile.

Jaribio. Risasi zile zile kumi na mbili, mchanga ule ule. Mimi nilikanyaga, yeye akamwaga. Alitaka kukanyaga yeye, akakanyaga mbio kama anamfukuza mtu, nikamtoa kwenye stuli. Taratibu. Rusha, acha. Sanduku likawa linapumua kama mtu aliyelala vizuri.

Tumepata kumi na moja. Amezihesabu mara tatu. Ya kumi na mbili ameitafuta mpaka giza, nimemwacha aitafute.

Jumamosi, 14 Julai

Lukafu tena. Safari hii watazamaji wachache, walishachekea yao.

Nimemfundisha Kasongo kukanyaga. Ana miguu ya kuimba kwaya, hakosi mpigo. Baba Monga amemwaga. Ndoo arobaini hivi. Alipofungua kitambaa nilifumba macho.

Dhahabu ipo. Kidogo. Ukiiweka kwenye ukucha haiujazi. Lakini ipo, ya njano, imelala nyuma ya mbao pale alipochora. Kasongo alipiga kelele. Mume wangu hakupiga. Alipangusa mikono kwenye suruali, akaniambia chujio la juu linahitaji kulegezwa kidogo.

Mama hakuja korongoni. Jioni amemtuma mtoto na kuku mzima aliyepikwa, amefunikwa kwa kitambaa cheupe, na ujumbe kwamba ni wa fundi mwenye mashine. Hakusema mkwe. Amesema fundi.

Jumatano, 25 Julai

Niko Ruashi peke yangu wiki ya pili. Baba Monga amebaki Lukafu. Watu wa korongo la pili wanataka sanduku kama lile, na wanawake wanauliza kama linaweza kupepeta maharagwe. Ameagiza turubai, misumari, na lile koti la baridi. Mimi hakuniagizia salamu ndefu, nafasi ya karatasi ilikwisha kwa vipimo.

Mota ya cherehani ina haraka kama mkwe mpya. Jana nimeshona mkono wa blauzi ukafunga kabisa, hakuna pa kupitisha mkono. Leo afadhali. Mguu wangu wa kulia bado unakanyaga hewa.

Mchana nimelala katikati ya kitanda, mikono na miguu kila upande. Nimesikia uvivu mtamu.

Saa tisa katibu wa seli amepita na daftari lake la Salongo. Anahesabu wanaume wa kila nyumba. Akauliza:

"Mama Monga, Baba iko?"

"Hayiko. Iko ku kazi."

Maneno hayo sikuwa nimeyasema tangu mwezi wa pili. Yametoka tu. Katibu hakuona la ajabu, ameyaandika kwenye mstari wa nyumba yetu, akaenda kugonga kwa jirani.